Russell Sage, mzee aliyefunga miguu mitatu kwenye dili moja

Kama una roboti ya kutreidi kwenye laptopu yako, ama uko na rafiki anayekusumbua kila siku na grafu za foreksi, kuna buda mmoja wa New York unafaa kumjua. Anaitwa Russell Sage. Alifariki 1906, kitambo sana kabla ya kompyuta, lakini oda za opsheni zenye miguu mingi, zile ambazo waandishi wa programu wanakesha wakizitafutia kodi, yeye alizifanya kwa kalamu na karatasi.

Alizaliwa 1816 mashambani, kaunti ya Oneida, jimbo la New York. Akiwa bado mtoto alitumwa mji wa Troy kuwa kijana wa mkono kwenye duka la kakake. Chuo hakukanyaga. (Mimi nilikanyaga nikatoka, kwa hivyo sisemi kitu.) Akauza bidhaa kwa jumla, akaingia siasa, akakaa Bungeni kule Washington kuanzia 1853 hadi 1857, kisha 1863 akahamia New York City kusaka pesa kubwa.

Biashara yake hasa ilikuwa kukopesha. Shida ni kwamba sheria ya jimbo ilikataza riba ya juu ya asilimia 7 kwa mwaka, na Sage hakuwa mtu wa kutosheka na 7. Mwaka wa 1869 alipatikana na hatia ya kutoza riba haramu. Mtu mwingine angetulia. Yeye akaenda kutafuta njia ya pembeni.

Sasa hapa sikiza vizuri, maana ndipo utamu ulipo. Opsheni ni haki tu. Ya kwanza ni haki ya kununua hisa kwa bei tuliyokubaliana leo, hata ikipanda. Ya pili ni haki ya kuuza kwa bei hiyo, hata ikianguka. Tuseme una hisa ya dola 100 na unahitaji mkopo. Sage hakukopeshi. Ananunua hisa yako kwa 100. Kisha anakuuzia haki ya kuinunua tena kwa 100 baada ya miezi mitatu, na unamlipa dola 6. Naye ananunua kutoka kwako haki ya kukurudishia hisa hiyo kwa 100, anakulipa dola 1.

Piga hesabu. Mfukoni mwake zimetoka dola 95. Bei ikipanda, wewe utaitaka hisa yako, utampa 100. Ikianguka, yeye atakurudishia kwa lazima, utampa 100 vilevile. Soko liende kushoto ama kulia, anapata 100 yake. Hizo dola 5 kwa miezi mitatu ni zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, na hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa neno riba. Mimi hesabu hizi nimezibuni ndio uelewe, lakini mtambo wenyewe ni wake, na leo bado unatumika kila siku sokoni.

Umeona ni miguu mitatu: hisa, haki ya kununua, haki ya kuuza. Ondoa mmoja na dili nzima inageuka kamari. Sage aliwekeana sahihi na mteja mezani, yote kwa mpigo. Programu yako haina meza. Ikituma oda tatu moja baada ya nyingine, mbili zinaweza kukubaliwa na ya tatu ikabaki hewani huku bei inakimbia. Ndiyo sababu programu za maana hutuma miguu yote kama kifurushi kimoja chenye bei moja: yote ipite ama usipite hata mmoja. Ukipewa roboti ya opsheni, uliza hilo kabla ya kuuliza faida.

Cha ajabu, mzee mwenyewe alianguka pale aliposimama kwa mguu mmoja. Aliwauzia watu wengi haki za kumletea hisa kwa bei ya zamani, akichuma ada rahisi miaka ikienda. Mei 1884 kampuni ya Grant & Ward, ambayo rais mstaafu Ulysses Grant alikuwa mshirika wake, iliporomoka na soko likaenda chini nayo. Wenye haki hizo wakafurika ofisini kwake. Alijaribu kuwafungia mlango, kisha ikabidi alipe, mamilioni ya dola. Baada ya hapo biashara hiyo hakuifanya tena kwa ukubwa ule.

Lakini jina lake mtaani liliharibiwa na kitu kingine. Disemba 1891, mtu kwa jina Henry Norcross aliingia ofisini akidai dola milioni 1.2, aliponyimwa akalipua baruti. Norcross akafa. Sage akapona. Karani William Laidlaw, aliyekuwa amekuja na shughuli zake tu, akaumia vibaya, na akaenda kortini akisema Sage alimvuta akamweka mbele kama ngao. Wazee wa baraza walimpa Laidlaw ushindi zaidi ya mara moja. Sage akakata rufaa kila mara, hadi 1899 mahakama ya juu ya jimbo ikamwondolea mzigo. Mtu mwenye mamilioni hakumlipa karani hata senti.

Alipokufa aliacha takriban dola milioni 70, karibu zote kwa mkewe, Olivia, aliyekuwa mwalimu kabla ya ndoa. Mama huyo hakupoteza wakati. Mwaka wa 1907 alitoa milioni 10 kuanzisha wakfu wa kuchunguza maisha ya maskini wa Marekani, na akaendelea kugawa hadi alipofariki 1918. Wakfu huo upo hadi leo. Aliupa jina la mumewe.