Oliver Tambo: Kiongozi Aliyemhurumia Kila Mtu Kasoro Yeye Mwenyewe

Wengi wetu tuliingia nchi hii kupitia jina lake. Ndege ilitua, tukashuka na mabegi yetu, na juu ya jengo limeandikwa O. R. Tambo. (Waliokuja kwa barabara kupitia Beitbridge wanisamehe.) Watoto wetu waliozaliwa hapa wanalijua jina hilo kama jina la mahali pa kumpokea bibi akija kutoka nyumbani. Ni wachache wanaojua kwamba mwenye jina alikuwa mhamiaji kama wazazi wao, kwa miaka 30, na kwamba sehemu kubwa ya maisha yake imefungamana na Dar es Salaam na Morogoro.

Kila tunapoadhimisha tarehe 9 Desemba tunaandika habari za Mwalimu Nyerere, na ni haki yake. Safari hii tumwandike huyu, aliyesafiri njia yetu kinyumenyume.

Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1917 katika kijiji cha Nkantolo, wilaya ya Bizana, eneo la Wapondo. Alisoma shule za misheni, akafika Johannesburg katika shule ya St Peter's, Rosettenville, kisha Chuo cha Fort Hare, ambako alipata shahada ya sayansi mwaka 1941. Mwaka uliofuata alifukuzwa chuoni kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi. Akarudi St Peter's kufundisha hesabu na sayansi. Kwa hiyo naye alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Umoja wa Vijana wa ANC, pamoja na Nelson Mandela na Walter Sisulu.

Ukitaka kumwona Tambo akiwa kazini, nenda Marshalltown. Kutoka Gandhi Square, zinapoegeshwa basi, fuata mtaa wa Fox kuelekea magharibi hadi mkabala na mahakama ya mahakimu. Hapo kuna jengo dogo la ghorofa linaloitwa Chancellor House. Liliungua moto na kuachwa gofu kwa miaka mingi, kisha likakarabatiwa. Mwaka 1952 Mandela na Tambo walifungua humo ofisi ya uwakili, inayotajwa kuwa ya kwanza ya ubia wa mawakili Waafrika nchini. Asubuhi watu walijaa ngazini na kwenye ujia: aliyekamatwa bila pasi, mama aliyekutwa na pombe ya kienyeji, wazee waliofukuzwa kwenye ardhi ya babu zao. Mandela mara nyingi alikuwa amepigwa marufuku, au yuko mahakamani, au safarini kwa kazi za chama. Aliyebaki na mafaili alikuwa Tambo. Leo mbele ya jengo ipo sanamu kubwa ya chuma ya bondia, naye ni Mandela. Sioni kosa katika hilo, lakini kila nikipita huwaza habari za yule aliyekuwa mezani.

Tambo alikuwa mpole, msikivu, mcha Mungu. Alitaka kuwa kasisi wa Kianglikana, na mwaka 1956 kanisa lilikuwa limekwisha kumkubali. Desemba mwaka huohuo polisi wakamkamata kwa kesi ya uhaini. Mwezi huohuo, akiwa nje kwa dhamana, alimwoa Adelaide Tshukudu, muuguzi. Mashtaka dhidi yake yalifutwa baadaye, lakini ukasisi ukapita hivyo.

Machi 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, chama kilimwagiza aende nje akawe sauti yao duniani. Alivuka mpaka kwa gari kuingia Bechuanaland, na kutoka huko akapelekwa kwa ndege hadi Dar es Salaam. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado chini ya Mwingereza, mwaka mmoja na miezi kabla ya Uhuru wetu, lakini Nyerere alimpokea na kumsaidia aendelee na safari. Aliyehangaikia mipango hiyo ni Frene Ginwala, ambaye mwaka 1994 alikuja kuwa Spika wa kwanza wa Bunge la kidemokrasia la hapa. Wengi walidhani ni safari ya miaka michache.

Adelaide na watoto wakaishi London. Mama huyo alifanya kazi za uuguzi kwa saa nyingi na kuwalea watoto watatu karibu peke yake, kwa sababu baba alikuwa Dar es Salaam, Lusaka, Stockholm, New York, popote palipokuwa na mkutano. Wenzetu walioacha familia Tanga au Kigoma wanajua maisha hayo yalivyo.

Mwaka 1967 Chifu Albert Luthuli alifariki na Tambo akawa kaimu rais wa chama kilichopigwa marufuku nyumbani na kutawanyika nje. Wapiganaji wake walikuwa kambini Kongwa, Dodoma, wamechoka kungoja. Mapema mwaka 1969 kijana Chris Hani na wenzake waliandika waraka mkali: viongozi wanatembea dunia nzima kwa ndege huku wamewasahau wapiganaji. Wapo waliotaka vijana hao waadhibiwe vikali, na walisimamishwa uanachama.

Tambo aliitisha mkutano mkuu Morogoro, Aprili 1969. Hakuja na majibu ya kujitetea. Lawama zilipozidi aliinuka akajiuzulu mbele ya wote, akatoka. Wajumbe wakajadili, kisha wakamrudisha kwa kauli moja. Baada ya mkutano Hani na wenzake nao walirudishwa chamani. Katika miaka ya themanini Hani alifika kuwa mnadhimu mkuu wa jeshi la chama.

Siku hiyo ya Morogoro ndiyo inayonifanya nimwandike. Kuna kiongozi ambaye akikosolewa hutafuta msaliti. Kuna mwingine ambaye akikosolewa hujiona si kitu tena na kuzama. Tambo alikubali kwamba amekosea, akaweka cheo mezani, na aliporudishiwa akakipokea na kuendelea na kazi. Kwetu neno kujihurumia lina sifa mbaya, tunalisikia kama uvivu au kulialia. Pale Morogoro lilikuwa kitu kingine: kutojiadhibu kupita kosa lenyewe.

Uongozi wake ulikuwa wa kusikiliza kila upande mpaka watu wafikie mahali pamoja. Alipenda kwaya na alipata nafasi alisimama kuiongoza. Namna hiyo ya kuongoza huchelewesha mambo, na haikuzuia maovu. Katika kambi za chama nchini Angola kulikuwa na mateso dhidi ya wanachama walioshukiwa au walioasi, na Tambo ndiye aliyekuwa kiongozi. Mkutano wa Kabwe, Zambia, mwaka 1985 ulipitisha kanuni za maadili kuyakomesha. Kwa walioumizwa zilikuja zimechelewa. Tusiwafiche watoto hilo.

Mwaka huohuo wa 1985 alifungua rasmi shule ya Mazimbu, Morogoro, iliyojengwa kwenye shamba la zamani la mkonge lililotolewa na serikali yetu kwa ajili ya vijana waliokimbia Soweto. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Mwili wake ndio aliousahau. Alikuwa na pumu tangu zamani, na bado alisafiri usiku na kufanya mikutano mchana. Katikati ya mwaka 1989 alizunguka nchi za kusini mwa Afrika akitafuta saini na ushauri wa marais kwa ajili ya mapendekezo ya mazungumzo, yaliyokuja kuitwa Azimio la Harare. Agosti, Lusaka, akapigwa na kiharusi. Rais Kaunda akampatia ndege ya kumpeleka London. Azimio lilipitishwa siku chache baadaye yeye akiwa hospitali.

Machi 1990 Mandela, mwezi mmoja baada ya kutoka gerezani, alimfuata Sweden alikokuwa akitibiwa. Desemba 1990 alirudi Johannesburg. Alitembea kwa shida na kusema kwa taabu. Julai 1991, Durban, alimwachia Mandela urais wa chama akachukua uenyekiti wa taifa, nafasi ya heshima isiyo na mbio. Kwa mtu aliyebeba mzigo kwa zaidi ya miaka 20, kukubali kukaa nayo ni kazi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipojipa kile alichowapa wengine.

Tarehe 10 Aprili 1993 Chris Hani alipigwa risasi nyumbani kwake, Boksburg. Tambo alifariki tarehe 24 mwezi huohuo, akazikwa Wattville, mtaa aliowahi kuishi kabla ya uhamishoni. Uchaguzi wa watu wote ulifanyika mwaka mmoja na siku tatu baadaye. Mwaka 2007 Adelaide alizikwa kando yake.