Mwana wa mhunzi aliyetuwashia taa

Yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli usiku kutoka mjini Kitale kuelekea Kiminini, enzi ambazo baiskeli zilifungwa dainamo, analikumbuka jambo moja. Mara tu kile kichupa cha chuma kilipoegemezwa kwenye gurudumu, taa iliwaka, na papo hapo pedali zikawa nzito. Dainamo ilipoondolewa, miguu ilipata nafuu. Mwendeshaji huyo huenda hakuingia maabara maishani mwake, lakini magoti yake yaliijua kanuni ambayo wanafunzi wetu wengi huikariri pasipo kuielewa: nishati haiumbwi wala haiangamii, bali hubadilika umbo tu. Mwanga ule wa baiskeli ulitoka katika ugali aliokula jioni.

Siri iliyomo ndani ya dainamo hiyo ilifichuliwa na Mwingereza Michael Faraday. Maisha yake yanastahili kusimuliwa katika shule zetu za Kitale na Bungoma, kwa kuwa yanaisuta namna tunavyofundisha somo la fizikia hadi leo.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, kusini mwa London. Babake alikuwa mhunzi aliyesumbuliwa na maradhi, na nyumbani chakula kilikuwa cha shida. Shuleni mtoto huyo hakupata zaidi ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Alipofikisha umri wa miaka 13 aliajiriwa kuwa tarishi wa muuza vitabu, George Riebau, kisha akawa mwanagenzi wake wa kujalidi vitabu kwa miaka saba. Wengine wangejalidi na kwenda zao. Yeye alivisoma vitabu alivyovijalidi. Makala kuhusu umeme katika ensaiklopidia yalimnasa, naye akatumia vijisenti vyake kununua vifaa ili ajionee kwa macho yake kama yaliyoandikwa yalikuwa kweli.

Mnamo 1812, mteja mmoja wa duka hilo alimpa tikiti za kuhudhuria mihadhara ya mwanakemia mashuhuri, Humphry Davy, katika taasisi ya Royal Institution. Kijana alinukuu kila alichosikia, akachora kila kifaa alichoona, akayajalidi maandishi hayo kuwa kitabu cha kurasa zipatazo 300 na kumpelekea Davy. Mwezi Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Haikuwa raha tupu. Walipozuru Ulaya pamoja, mke wa Davy alimtendea kama mtumishi wa nyumbani. Na mwaka 1824, Davy mwenyewe alipinga asiingizwe katika Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza. Wenzake walimchagua hata hivyo.

Wakati huo ulimwengu wa sayansi ulikuwa umepata habari mpya. Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Denmark alikuwa amegundua kwamba waya unaopitisha mkondo wa umeme huigeuza sindano ya dira. Mwaka uliofuata Faraday aliufanya waya wenye umeme uizunguke sumaku bila kukoma, na hapo ndipo asili ya mota. Ndipo akajiuliza swali lililomshughulisha kwa takriban miaka kumi: ikiwa umeme huzaa usumaku, je, usumaku hauwezi kuzaa umeme?

Jibu lilipatikana tarehe 29 Agosti 1831. Alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya katika pande mbili zisizogusana. Upande mmoja aliuunganisha na betri, na wa pili akauweka karibu na sindano ya dira. Alipounganisha betri, sindano ilitikisika kisha ikatulia. Alipoikata, ikatikisika tena. Kumbe usumaku uliotulia hauzai chochote. Kinachozaa umeme ni mabadiliko. Mwezi Oktoba aliisukuma sumaku ndani na nje ya koili ya waya, na mkondo ukapita. Siku chache baadaye alizungusha diski ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, akapata mkondo usiokoma muradi diski inazunguka. Ile pete ndiyo babu wa transfoma zote, nayo diski ndiyo babu wa jenereta zote.

Sasa tutazame kwetu. Mto Suam huanzia juu ya Mlima Elgon, huo tunaouona kila asubuhi tukiwa Kitale. Huelekea kaskazini, ukabadili jina na kuitwa Turkwel, kisha ukaishia Ziwa Turkana. Katika bonde lake jembamba lililoko Pokot Magharibi umezibwa kwa bwawa lenye kimo cha mita 153, na tangu 1991 maji hayo yamekuwa yakizalisha umeme. Mitambo haikuwekwa mguuni pa bwawa bali mbali chini zaidi, ili maji yapate mteremko mrefu wa zaidi ya mita 300. Yakishuka, nishati ya kimo hugeuka kuwa nishati ya mwendo. Maji huzungusha tabini, tabini huzungusha sumaku ndani ya koili, na umeme huzaliwa. Ni dainamo ileile ya baiskeli, ila maji yamechukua nafasi ya miguu.

Mwalimu anaweza kulifanya hili kuwa hesabu ya darasani. Madebe 50 ya maji, ya lita 20 kila moja, yana uzito wa kilo 1,000. Yakiteremka mita 367, hutoa juli milioni 3.6, yaani uniti moja ya umeme tunayolipia, kabla ya kutoa kinachopotea njiani. Aliyewahi kubeba debe moja kutoka mtoni atatambua kwamba uniti hiyo si kitu kidogo. Aidha, tusichanganye nishati na kasi ya kuitoa. Mtambo wa Turkwel una uwezo wa megawati 106, maana yake unaweza kutoa juli milioni 106 kila sekunde.

Umeme huo husafirishwa hadi Lessos, katika Kaunti ya Nandi, kwa volti 220,000. Kwa nini volti nyingi hivyo? Kwa sababu waya hupata joto na kupoteza nishati kwa kadiri ya mraba wa mkondo. Volti zikizidishwa mara kumi, mkondo hupungua hadi sehemu moja ya kumi, na hasara hushuka hadi sehemu moja ya mia. Kazi hiyo ya kupandisha na kushusha volti ni ya transfoma, yaani ile pete ya mwaka 1831.

La kushangaza ni kuwa Faraday hakujua hisabati ya juu. Hoja zake kuhusu uga wa sumaku zilikuja kuandikwa kwa milinganyo na James Clerk Maxwell. Yeye alifikiri kwa mikono na macho, na aliona fahari kuwafundisha vijana katika mihadhara ya Krismasi, akifanya majaribio mbele yao. Alikataa cheo cha heshima kutoka kwa ufalme, na mara mbili akakataa urais wa Royal Society. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Mtu huyu angekuwa mwanafunzi wetu leo, ingekuwaje? Nahofia angeambiwa kwamba hesabu zimemshinda, kwa hivyo aiache fizikia. Nimepata kuketi nyuma ya darasa ambamo somo la sumaku na umeme lilifundishwa kwa chaki tupu, ilhali koili na sumaku zilikuwa kabatini, zimefungiwa zisije zikavunjika kabla ya mtihani. Wanafunzi walinakili kanuni bila kosa. Sidhani hata mmoja wao aliwahi kuiona sindano ikitikisika.

Dainamo kuukuu ya baiskeli haina gharama kubwa, na sumaku hupatikana ndani ya spika iliyoharibika. Mwalimu na aanzie hapo. Kila mtoto aizungushe dainamo kwa mkono wake, taa ikiwa imeunganishwa, kisha ikiwa imekatwa, aihisi tofauti ya uzito. Kanuni iandikwe ubaoni baada ya hapo, maana wakati huo itakuwa na kitu cha kueleza.