George Westinghouse: Aliyefanya tela lijifunge breki lenyewe

Ukizunguka maduka ya spea ya Kisekka, katikati ya jiji la Kampala, jina la WABCO utalikuta kwenye vali, kompresa na vifaa vingine vya breki za upepo. Madereva wa njia ya Mombasa hadi Kampala wanalijua kama wanavyoijua Malaba. Wachache ndio wanaofahamu kuwa herufi hizo zinatokana na kampuni ya Mmarekani mmoja, George Westinghouse, aliyefariki mwaka 1914, kabla malori ya breki za upepo hayajaenea barabarani.

Westinghouse alizaliwa Oktoba 6, 1846 katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York. Baba yake alikuwa na karakana ya mashine mjini Schenectady, na huko ndiko kijana alikojifunza kazi. Alipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akaingia chuo na kukiacha baada ya miezi michache tu, na mwaka 1865 akapata hataza yake ya kwanza. Shule yake ilikuwa gereji.

Wakati huo kusimamisha treni kulikuwa kazi ya kubahatisha maisha. Dereva alipiga honi, na wafanyakazi wa breki wakakimbia juu ya mabehewa, kila mmoja akizungusha gurudumu la breki kwa mikono, behewa hadi behewa. Wengi walianguka wakafa. Treni zilikuwa zikigongana ilhali madereva wote wawili wameonana mapema. Westinghouse aliona mabaki ya ajali ya namna hiyo akiwa safarini kati ya Schenectady na Troy, na tangu hapo akawa anawaza breki ambayo dereva mwenyewe angeweza kuifunga.

Alijaribu minyororo, akafikiria mvuke, vyote vikakataa. Jibu alilipata aliposoma habari za mafundi waliokuwa wakitoboa handaki chini ya milima ya Alpi kwa mashine zinazoendeshwa na hewa iliyoshindiliwa. Kama hewa inaweza kusafiri kwenye bomba refu na bado ikatoboa mwamba, basi inaweza kubana gurudumu. Husimuliwa kwamba tajiri wa reli Cornelius Vanderbilt alimfukuza kwa dharau, akiona ni upuuzi kusimamisha treni kwa upepo. Lakini katika safari ya majaribio mjini Pittsburgh mkokoteni wa farasi ulikwama relini, dereva akafunga breki mpya, na treni ikasimama hatua chache kabla ya kumgonga mtu. Hataza ilitoka Aprili 1869, na Septemba mwaka huohuo kampuni ya breki ikaanzishwa. Alikuwa bado hajatimiza miaka 23.

Hata hivyo, breki hiyo ya kwanza ilikuwa na kasoro ambayo kila mwenye tela anapaswa kuielewa. Upepo ulitoka kwenye injini kwenda kwenye breki pale tu dereva alipouhitaji. Bomba likikatika, au mabehewa yakichomoka, breki zilikuwa zimekwisha. Yaani kifaa kilishindwa saa ileile kilipohitajika.

Mwaka 1872 Westinghouse akageuza mambo. Kila behewa likapewa tangi lake la upepo na vali yake, na bomba likawekwa upepo muda wote. Presha ikishuka, iwe kwa mkono wa dereva au kwa bomba kukatika, vali inafungulia upepo wa tangi uende kubana breki. Hitilafu ikawa ndiyo amri ya kusimama. Hapa ndipo ilipo kazi yake kubwa; hayo mengine yote, umeme ukiwemo, yanakuja baadaye.

Treni ndefu za mizigo zilimshinda kwanza. Katika majaribio ya Burlington, Iowa, mwaka 1886 na 1887, treni za mabehewa 50 zilifunga breki mbele huku nyuma upepo ukiwa bado haujafika, mabehewa yakasukumana kwa kishindo. Wengi walidhani breki ya upepo imefikia kikomo. Westinghouse aliiunda upya vali ndani ya mwaka huohuo wa 1887, kisha akaizungusha treni ya mabehewa 50 mji hadi mji ili watu wajionee. Mwaka 1893 sheria ya Marekani ikalazimisha breki za aina hiyo kwenye reli.

Malori yalirithi wazo hilo baada ya kifo chake. Bomba jekundu linaloliunganisha tela na kichwa ndilo lenye upepo wa kudumu. Likikatika, tela linajifunga. Kasoro iliyobaki ni kwamba upepo wa tangi huvuja, na tela lililoegeshwa mlimani linaweza kuanza kutembea. Ndiyo maana wanaoboresha tela la zamani huweka vyungu vya breki vyenye springi nzito: upepo unaishikilia springi isibane, na upepo ukiisha springi inabana. Wapo wanaoikaza springi kwa bolti ili tela linalovuja liendelee na safari. Kufanya hivyo, kwa gari ambalo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaliruhusu kufikia tani 56, kwenye miteremko ya Kabale au Salgaa, ni kuirudisha breki kwenye kasoro ya 1869.

Westinghouse aliingia pia kwenye umeme, akanunua hataza za Nikola Tesla mwaka 1888 na kushinda zabuni ya mitambo ya Niagara. Msukosuko wa fedha wa mwaka 1907 ulimnyang'anya usimamizi wa kampuni yake ya umeme. Alifariki New York Machi 12, 1914, akazikwa makaburi ya kijeshi ya Arlington. Reli kutoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, miaka 17 baadaye. WABCO yenyewe ilinunuliwa na ZF ya Ujerumani mwaka 2020.