Frederick Banting na dawa ya ugonjwa wa sukari

Wanafunzi wenzetu, leo tunaeleza maisha ya Frederick Banting, mwana wa mukulima. Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 karibu na muji mudogo wa Alliston, katika inchi ya Kanada. Mwaka wake wa kwanza kwenye iniversite alianguka mitihani. Kiisha akaingia masomo ya unganga. Katika vita kubwa ya kwanza aliumizwa mukono huko Ufaransa, mwaka wa 1918.

Siku zile mutoto mwenye ugonjwa wa sukari hakuwa na tumaini. Alikunywa maji sana, alikojoa sana, alikonda, akakufa. Waganga walimupunguzia chakula tu, apate kuishi muda kidogo zaidi.

Usiku mumoja wa Oktoba 1920 Banting alisoma juu ya kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, na wazo likamuingia. Profesa Macleod wa Toronto akamupa chumba cha kazi na mwanafunzi mumoja, Charles Best. Tangu Mei 1921 walijaribu juu ya mbwa. Nyuma yake Collip, mujuzi wa kemia, akaja kusafisha dawa. Tarehe 11 Januari 1922 kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, alipigwa sindano ya kwanza. Haikufaa, sababu dawa haikuwa safi. Hawakuacha. Tarehe 23 alipigwa ile ya Collip, na sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 tena.

Mwaka wa 1923 Banting na Macleod walipewa zawadi ya Nobel. Banting akagawanya feza yake na Best. Haki ya dawa, Banting, Best na Collip waliiachia iniversite kwa dola moja moja. Banting alikufa mwaka wa 1941 katika ajali ya ndege, kule Newfoundland.

Insulini hainywewi, sababu tumbo linaivunja kama chakula. Inapigwa chini ya ngozi, tumboni ao pajani, na kubadilisha pahali. Kuna ya haraka, kwa wakati wa kula, na ya polepole, inayotumika saa nyingi. Zamani ilitoka kwa ngombe na nguruwe. Leo nyingi inatengenezwa kwa bakteria ao hamira.

Basi, tukiona mwenzetu ana kiu kila mara, anakojoa sana na kukonda, tusimucheke. Tumupeleke hospitali apimwe. Na yule anayepigwa sindano asiiache hata siku moja: ndiyo uzima wake.