Frantz Fanon

Frantz Fanon (Fort-de-France, Martinique, 20 Julai 1925 – Bethesda, Maryland, Marekani, 6 Desemba 1961) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, mwandishi na mpigania uhuru wa Algeria. Wengi wanamkumbuka kwa vitabu vyake kuhusu ukoloni, lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa hospitalini, akiwatibu watu walioumizwa nafsi na vita, mateso na kudharauliwa. Alieleza kwa kina jinsi ukoloni unavyoacha kiwewe katika akili ya mtawaliwa, na hata ya yule anayetumwa kumtesa.

Maisha ya awali

Fanon alizaliwa katika kisiwa cha Martinique kwenye Bahari ya Karibi, kilichokuwa koloni la Ufaransa. Baba yake alikuwa mtumishi wa forodha na mama yake alikuwa na duka. Alisoma Lycée Schoelcher, shule ya sekondari ambako mshairi Aimé Césaire alikuwa mwalimu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwa bado kijana mdogo, alitoroka kwenda kisiwa jirani cha Dominica ili ajiunge na jeshi la Ufaransa Huru. Baadaye alipelekwa Afrika Kaskazini na kisha Ulaya, ambako alijeruhiwa mwaka 1944 na kutunukiwa nishani ya Croix de guerre. Hata hivyo, ndani ya jeshi lililosema linapigania uhuru aliona askari wakipangwa na kuheshimiwa kwa rangi ya ngozi zao. Jambo hilo lilimuumiza, na lilibaki katika maandishi yake yote.

Masomo

Baada ya vita alisomea udaktari katika mji wa Lyon, Ufaransa, akahitimu mwaka 1951. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake cha kwanza, Peau noire, masques blancs (maana yake "Ngozi nyeusi, barakoa nyeupe"). Humo alieleza jinsi mtu mweusi anayeishi kati ya watu wanaomdharau anavyoweza kuanza kujidharau mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1952 aliandika makala kuhusu wafanyakazi kutoka Afrika Kaskazini waliokuwa wakija hospitalini nchini Ufaransa. Watu hao walilalamika kwamba wanaumwa mwili mzima, lakini vipimo havikuonyesha kidonda wala ugonjwa. Madaktari wengi waliwaona kuwa waongo au wavivu. Fanon alisema maumivu yao ni ya kweli, na kwamba daktari hana budi kuuliza mgonjwa anaishi wapi, na nani, na anatendewaje mtaani na kazini.

Kisha alifanya kazi katika hospitali ya Saint-Alban chini ya François Tosquelles, daktari kutoka Hispania. Huko alijifunza kwamba hospitali yenyewe inaweza kuwa dawa au sumu. Wagonjwa na wauguzi walifanya mikutano, kazi za mikono na michezo pamoja, ili mgonjwa arudishiwe nafasi yake kama mtu kati ya watu.

Hospitali ya Blida

Mwezi Novemba 1953 Fanon alikwenda Algeria kuongoza idara katika hospitali ya akili ya Blida-Joinville, karibu na mji wa Algiers. Wakati huo madaktari wa Kifaransa waliomfuata Antoine Porot walifundisha kwamba Mwalgeria ana ubongo wa kizamani na ni mkatili kwa asili. Fanon aliyapinga mafundisho hayo.

Katika idara yake walikuwamo wanawake 165 wa asili ya Ulaya na wanaume Waislamu 220. Alianzisha mbinu za Saint-Alban: mikutano, sherehe, filamu, ufumaji na gazeti la wagonjwa. Wanawake walipata nafuu, lakini kwa wanaume jambo hilo halikufaulu kabisa. Walikaa kimya wala hawakushiriki.

Badala ya kuwalaumu wagonjwa, Fanon na msaidizi wake Jacques Azoulay walikiri kwamba kosa lilikuwa lao. Walikuwa wamewaletea Waalgeria desturi za Wafaransa, tena kupitia mkalimani. Basi wakafungua mkahawa wa kienyeji, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamwalika msimulizi wa hadithi na kutengeneza uwanja wa mpira. Wanaume wakaanza kuzungumza. Funzo lake lilikuwa kwamba tiba ya nafsi haiwezi kupandwa mahali bila kujali lugha, dini na mila za mgonjwa.

Pamoja na hayo, Fanon alitumia pia tiba za zama zake, kama vile mshtuko wa umeme na insulini.

Vita na majeraha ya nafsi

Vita vya uhuru wa Algeria vilianza tarehe 1 Novemba 1954. Fanon aliwatibu kwa siri wapiganaji wa chama cha FLN, huku mchana akiwapokea polisi wa Kifaransa waliokuwa wakiwatesa watu hao. Wote walikuja na dalili zinazofanana: kukosa usingizi, jinamizi, hofu na hasira zisizozuilika.

Mpelelezi mmoja wa polisi alikuwa akiwapiga mke na watoto wake. Alijua chanzo ni kazi ya kutesa wafungwa, lakini hakutaka kuiacha; alitaka daktari amwezeshe kuendelea nayo bila kusumbuka. Polisi mwingine alikutana katika uwanja wa hospitali na Mwalgeria aliyewahi kumtesa. Polisi alishikwa na hofu kubwa. Mwalgeria naye alikutwa amejificha chooni akijaribu kujiua, kwa kuwa alidhani amekuja kukamatwa tena. Wauguzi walitumia muda mrefu kumshawishi kwamba hakumwona polisi yeyote.

Visa hivyo vilimweka Fanon njia panda. Aliona kwamba hawezi kumponya mtu kisha kumrudisha katika hali ileile iliyomvunja. Mwaka 1956 alimwandikia barua ya kujiuzulu waziri Mfaransa aliyesimamia Algeria, na mwanzoni mwa 1957 alifukuzwa nchini.

Tunisia na kifo

Fanon alihamia Tunis, akaandika katika gazeti la FLN, El Moudjahid, na mwaka 1960 akawa balozi wa serikali ya muda ya Algeria mjini Accra, Ghana. Hakuacha udaktari. Katika hospitali ya Charles-Nicolle alianzisha kituo cha kutwa: wagonjwa walikuja asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Aliamini kwamba mgonjwa apone akiwa bado na familia yake, kwa sababu humo ndimo atakamoishi.

Aligunduliwa kuwa na saratani ya damu, akaandika haraka kitabu chake cha mwisho, Les damnés de la terre, kilichotoka mwaka 1961. Alifariki Marekani mwaka huohuo akiwa na miaka 36, akazikwa katika ardhi ya Algeria. Nchi hiyo ilipata uhuru miezi 7 baadaye.

Urithi

Sura ya kwanza ya kitabu hicho inatetea matumizi ya nguvu dhidi ya ukoloni, na ndiyo inayojadiliwa zaidi. Sura ya 5 inasimulia wagonjwa wake, na inaonyesha kwamba damu iliyomwagwa humrudia hata aliyeshinda. Fanon alionya kwamba majeraha hayo yatadumu miaka mingi baada ya vita kwisha. Ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe uliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu.

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Kilisomwa sana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Yoweri Museveni, baadaye rais wa Uganda, aliandika tasnifu kuhusu nadharia ya Fanon. Hospitali ya Blida sasa inaitwa kwa jina lake.