Himsworth, tabibu aliyebaini kisukari si ugonjwa mmoja

HAROLD Himsworth alizaliwa mwaka 1905 mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, akafanya kazi katika kiwanda cha sufu kabla ya kusomea utabibu jijini London.

Insulini, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922, ilikuwa ikisifiwa kote, na ilidhaniwa kwamba kila mwenye kisukari amepungukiwa nayo. Himsworth alitia shaka. Aliwanywesha wagonjwa maji ya glukosi, papo hapo akawadunga insulini mshipani, kisha akapima sukari katika damu yao. Kwa wengine sukari ilitulia. Kwa wengine, hasa watu wazima wanene, ilipanda kana kwamba hawakudungwa kitu.

Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1936 katika jarida la Lancet. Alionyesha pia kwamba mlo wenye wanga mwingi huufanya mwili uitikie insulini, ilhali mafuta mengi huupunguzia mwitikio huo.

Ithibati ilichelewa. Mwaka 1960, Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani walipima insulini yenyewe, wakaikuta tele katika damu ya wagonjwa wa ukubwani. Miaka mitatu baadaye Philip Randle na wenzake, Cambridge, walieleza sababu mojawapo: asidi za mafuta, ambazo aghalabu huzidi katika damu ya mtu mnene, hushindana na glukosi kuilisha misuli, nayo sukari hubaki damuni.

Wakati huo Himsworth alikuwa ameiacha maabara, akiongoza Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kazi aliyoishika tangu 1949 hadi 1968. Alifariki dunia mwaka 1993.