Siti binti Saad na gharama ya sauti

Tangu mtaala wa umilisi ulipowataka wanafunzi wetu kuchagua mkondo wa masomo kabla ya kuingia sekondari pevu, walimu wamekuwa wakinieleza habari ya ugomvi usiokwisha nyumbani. Mtoto anataka mkondo wa sanaa na michezo. Mzazi anataka sayansi. Mtoto akiwa msichana, na akiwa na sauti ya kuimba, ugomvi huwa mkali zaidi. Mzazi mmoja aliwahi kunikabili waziwazi na kutaka nimtajie mwimbaji hata mmoja ambaye umaarufu haukumpokonya nyumba, heshima au afya. Sikuwa na jibu la haraka. Mimi ni mtu wa isimu, wala si mwanamuziki. Hata hivyo, swali lile lilinirudisha kwenye maisha ya mwanamke ambaye wengi wetu tulikutana naye tukiwa wanafunzi, katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Nimeona ni vyema tuyatazame upya maisha yake, maana nashuku kwamba tuliyasoma kwa haraka.

Mwanamke huyo alizaliwa mnamo mwaka wa 1880 huko Fumba, kijiji kilichoko kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu ambao asili yao ya bara iliwaweka katika tabaka la chini kabisa la jamii ya Unguja ya wakati ule. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka wa 1873, lakini hali yenyewe ya utumwa haikufutwa kisheria hadi mwaka wa 1897. Mtoto huyo alipozaliwa hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Naomba msomaji asilipite jina hili kwa wepesi. Siku hizi tunawapa watoto majina kwa matumaini ya yale watakayokuwa. Jina hili lilitangaza nafasi ambayo jamii ilikuwa imekwisha kumtengea.

Hakupelekwa shule, na hakujua kusoma wala kuandika. Alijifunza ufinyanzi kwa mamaye. Vyungu vilipokwisha kuchomwa, alivibeba kichwani na kwenda kwa miguu hadi mjini kuvinadi, mwendo wa zaidi ya kilomita kumi na tano. Mchuuzi asiye na duka huuza kwa sauti yake. Wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba sauti hiyo ilikuwa ikisikika kutoka mbali, na watu wakaanza kumjua mwenye vyungu kwa sauti kabla hawajaiona sura yake. Aliolewa, akapata mtoto, lakini ndoa ile haikudumu. Mwaka wa 1911, akiwa na umri wa miaka thelathini au zaidi, alikiacha kijiji chake akahamia mjini.

Tujaribu kuupima uamuzi huo kwa mizani ya wakati wake. Mwanamke asiye na mume, asiye na elimu, asiye na ukoo wenye nguvu, anaondoka mahali ambapo angalau anajulikana, na kwenda kuishi katika mji ambao kila kitu kilipimwa kwa nasaba. Hata lugha yenyewe ilikuwa shahidi wa hali hiyo. Neno muungwana halikuwa na maana ya mtu mpole tu kama tunavyolitumia leo. Lilikuwa kinyume cha mtumwa. Neno ustaarabu nalo linabeba ndani yake jina la Mwarabu, kana kwamba hakuna njia nyingine ya mtu kuwa mtu. Mgeni kutoka Fumba aliingia katika mji ambao msamiati wake ulikuwa umekwisha kumhukumu.

Muziki wa mji ule ulikuwa na wenyewe pia. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga ganuni, na kwamba hiyo ndiyo mbegu ya taarabu ya Unguja. Mwaka wa 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Taarabu hiyo ilikuwa starehe ya kasri na ya nyumba za wakubwa. Waimbaji walikuwa wanaume, na waliimba kwa Kiarabu, lugha ambayo wasikilizaji wengi wa nje ya kuta zile hawakuielewa. Katika mji huo alipatikana mtu aliyeisikia sauti ya mfinyanzi na kutambua thamani yake, naye ni Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa. Alimfundisha kuimba kwa taratibu za Kiarabu. Baadaye Siti akajiunga na wanamuziki waliokuja kuwa wenzake wa miaka mingi: Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban na Mbaruku.

Huko mjini ndiko alikopata jina lake jipya. Siti ni neno la Kiarabu la kumtajia bibi mwenye heshima. Ni nadra sana kwa historia kutuonyesha safari ya mtu kwa uwazi kama huu: kutoka Mtumwa hadi Siti, kutoka ncha moja ya ngazi ya jamii hadi ncha nyingine, na ngazi yenyewe ikiwa ni koo la mtu mmoja.

Lakini jina la heshima halikumaanisha kwamba heshima ilitolewa bure. Kwa mwanamke wa wakati ule, kuimba mbele ya wanaume kulikuwa ni kuiweka hadhi yake rehani. Siti aliimba akiwa amejifunika, lakini buibui halikuyazuia maneno ya watu. Washindani wake walitunga wimbo wa kumsimanga, wakimkumbusha kwamba alitoka shamba akiwa hana lolote. Wakamcheka pia kwa sura yake, kwa kuwa hakuwa na uzuri wa uso kwa vipimo vya mji. Naye aliwajibu kwa wimbo, akieleza kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili. Jibu hilo limesifiwa sana madarasani, na linastahili sifa. Tusisahau, hata hivyo, kwamba aliyejibu alikuwa kwanza ametukanwa mbele ya mji mzima, na kwamba wimbo wa kumtukana ulikuwa ukichezwa na kuchekewa na majirani zake.

Mwaka wa 1928 Siti na wenzake walipanda meli wakavuka Bahari ya Hindi hadi Bombay, wakarekodi nyimbo zao kwa kampuni ya gramafoni iliyotumia chapa ya His Master's Voice. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwenye santuri. Na aliimba kwa Kiswahili. Santuri hizo zilifika pwani nzima na kuingia bara. Watu ambao hawangeweza kamwe kukanyaga sebule ya kasri la Sultani walikaa mikahawani wakaisikiliza sauti iliyokuwa imeimba ndani ya kasri hilo.

Hapa naomba kusema jambo moja la taaluma yangu. Mwaka huohuo wa 1928, mkutano wa maofisa na wataalamu ulifanyika Mombasa kuamua ni lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu cha shule na vitabu. Kiunguja kikachaguliwa na Kimvita kikaachwa, na hadi leo wako watu wa Mombasa ambao hawajausahau uamuzi huo. Kamati ya lugha ilianza kazi yake mwaka wa 1930. Tunawafundisha wanafunzi wetu historia hiyo kana kwamba Kiswahili cha Unguja kilienezwa na kamati peke yake. Kamati ilisanifisha tahajia na kukagua vitabu. Lakini mtu asiyejua kusoma hakukutana na kamati. Alikutana na santuri. Mwanamke ambaye hakuwahi kuandika neno moja alikuwa akiwafikishia maelfu ya watu Kiswahili cha Unguja kikiwa hai, chenye mizani na vina, kabla vitabu vya kamati havijakauka wino.

Isitoshe, hakuimba mapenzi tu. Usiku, upande wa Ng'ambo, mahali walipoishi maskini wa mji, yeye na wenzake walitunga nyimbo za mambo yaliyotokea mtaani. Waliimba habari za karani aliyeiba akafungwa. Waliimba habari za mwanamke mgeni aliyeuawa, na mtuhumiwa akakimbilia bara ilhali wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa na mahakama. Wimbo huo ndio unaojulikana kwa jina la Kijiti. Katika koloni ambalo mnyonge hakuwa na gazeti wala wakili, wimbo ulikuwa mahali pa kukata rufani. Mtu anayeimba kwa Sultani mchana na kuilaumu mahakama usiku hakosi maadui.

Basi tuulize: Siti alilipa nini? Alikiacha kijiji na maisha aliyoyazoea. Aliivumilia dhihaka juu ya asili yake na mwili wake, mambo mawili ambayo hakuna binadamu anayeyachagua. Usiku wake ulikuwa wa kazi, si wa usingizi. Hata sauti yake, ilipokwisha kutiwa kwenye santuri, ikawa bidhaa ya wenye mitambo, ikauzwa mahali ambapo mwenyewe hakufika. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alikutana naye katika siku za mwisho za maisha yake, na wasifu aliouandika ukachapishwa mwaka wa 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Pasingekuwa na mkutano ule, huenda sehemu kubwa ya habari hizi ingezikwa pamoja naye.

Nimesema kwamba tuliyasoma maisha haya kwa haraka. Kosa letu walimu ni hili: tumeyafanya kuwa hadithi ya uvumilivu. Tunamwambia mwanafunzi kwamba Siti aliteseka akafaulu, basi naye ateseke atafaulu. Mafunzo ya namna hiyo ni ya hatari, kwa sababu yanachanganya gharama za aina mbili ambazo hazifanani hata kidogo.

Gharama ya kwanza ni ya kazi yenyewe. Siti alilazimika kuifunza sauti yake lugha ngeni na taratibu ngeni, akiwa mtu mzima, pasipo kusoma. Alilazimika kukariri, kurudia, kukosolewa na wenzake, na kusafiri. Gharama hii haina mkato. Mwanafunzi anayetaka kuimba bila kuilipa anajidanganya, kama anavyojidanganya anayetaka udaktari bila kukesha na vitabu. Tena ni gharama isiyompotezea mtu kitu, kwani anacholipa humrudia katika umahiri.

Gharama ya pili ni kodi ambayo jamii ilimtoza kwa sababu alizaliwa maskini, mwenye asili ya utumwa, na mwanamke. Matusi juu ya asili yake hayakuiboresha sauti yake hata chembe. Kuchekwa uso hakukumfundisha mahadhi. Ali Muhsin hakulipishwa kodi hiyo kwa kuimba, Siti alilipishwa. Tunapoziita gharama zote mbili kwa jina moja la kujitolea mhanga, tunaigeuza dhuluma kuwa mwalimu, na waliodhulumu wanatoka wakiwa hawana lawama.

Kwa hiyo, je, umaarufu wa Siti ulistahili gharama zake? Kwa upande wake, naamini jibu linapatikana katika jina lake. Mtu aliyepewa jina la Mtumwa hakuwa na hadhi kubwa ya kupoteza; alichokuwa nacho kilikuwa sauti, na sauti hiyo ikamtoa mahali alipowekwa na wengine. Kwa upande wetu, tumefaidi kupita kiasi. Wanawake wanahabari wa Tanzania walipounda chama chao mwaka wa 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, aliimba maisha yake yote katika njia iliyokuwa imefyekwa na Siti. Na sisi wa somo la Kiswahili tunakula mkate ambao sehemu ya unga wake ilitoka kwenye santuri za Bombay. Lakini kusema kwamba tulifaidi si sawa na kusema kwamba ilikuwa haki alipe peke yake.

Yule mzazi aliyeniuliza swali, leo ningemjibu hivi. Asimfiche bintiye gharama ya kwanza. Amwambie wazi kwamba muziki ni kazi, na kazi hiyo ni ngumu. Ama gharama ya pili, asimwachie mtoto. Anayeweza kuipunguza ni yeye mzazi, na mwalimu wa darasa, na mwalimu mkuu anayeamua kama chumba cha muziki kitakuwa na ala au kitageuzwa ghala, na jirani anayeamua iwapo msichana anayeimba ataitwa msanii au ataitwa jina jingine. Siti alivuka bahari ili asikike. Si lazima binti zetu wavuke matusi ili wasikilizwe.